Gereji Roki ya Seattle na Tacoma: Redio, Usiku wa Santuri na Maswali Mnayoniuliza

Kila nikimwalika Mswahili mwenzangu kwenye usiku wa santuri huku kusini mwa Seattle, jimbo la Washington, Marekani, maswali huwa yale yale, na mimi hujibu huku nikipiga kelele juu ya spika. Nimeona niyaandike mara moja. Sikuyapanga kwa uzito. Yamekuja kama yanavyokuja mezani.

Gereji roki ndiyo nini? Muziki wa mafundi magari?

Hili huwa la kwanza daima, na sikulaumu. Kwetu gereji ni mahali penye fundi, oili iliyomwagika na gari uliloahidiwa "kesho" tangu wiki iliyopita. Kwa Wamarekani, gereji ni chumba cha kuwekea gari kilichoungana na nyumba. Ukilitoa gari nje, inabaki sakafu ya saruji ambapo vijana wanne wanaweza kupigia magitaa mpaka baba mtu arudi kutoka kazini.

Muziki wenyewe ulishika kasi kati ya 1963 na 1967 hivi. Gitaa mbili, besi, ngoma, na mara nyingi ogani ya bei nafuu au saksafoni inayolia kama inaonewa. Wapigaji wengi walikuwa wanafunzi wa sekondari. Wao wenyewe hawakuuita gereji. Walijua wanapiga rock'n'roll tu. Jina lilikuja baadaye, baada ya watu kama Lenny Kaye kuanza kuokota nyimbo hizo zilizosahaulika. Mkusanyo wake wa 1972, Nuggets, una nyimbo 27, na wakusanyaji wengi wa santuri watakwambia waliugulia ugonjwa huu hapo.

Kwa nini Seattle na Tacoma? Si kwao bendi ya Nirvana huko?

Nirvana walikuta nyumba imeshajengwa. Miaka thelathini kabla yao Tacoma, mji wa bandari na viwanda ambao Seattle huudharau mpaka leo, ulishatoa bendi tatu ambazo huwezi kuzikwepa: The Ventures, The Wailers na The Sonics. (Wailers hawa si wale wa Bob Marley. Hawa waliunda bendi yao 1958, Marley akiwa bado mtoto wa shule.)

Umbali nao ulisaidia. Los Angeles ni safari ya zaidi ya kilomita 1,800 kwa gari, New York ndiyo usiseme. Msanii mkubwa hakufika kila wiki, na vijana walitaka kucheza kila wiki. Basi bendi za nyumbani zikajaza kumbi, zikapiga kwa saa nyingi kwa watu waliokuja kucheza, si kukaa na kusikiliza. Ndiyo maana muziki huu una ngoma nzito namna ile.

Kuna jambo ambalo historia za hapa hulipitia haraka: vijana hao wa Kizungu waliujifunza mdundo huo kwa wanamuziki weusi wa Seattle, hasa Dave Lewis, mpiga kinanda aliyekuwa na bendi yake tangu akiwa sekondari. Waliokwenda kumsikiliza walirudi nyumbani na kujaribu kuiga. Walipokosea, wakakosea kwa sauti kubwa, na kosa hilo likawa mtindo.

Redio iliingiaje hapo?

Redio haikuingia, ilikuwamo tangu mwanzo. Hili ndilo ninalotaka mtu aelewe hata akisahau mengine yote: katika eneo hili, kibanda cha redio na ukumbi wa dansi vilikuwa duka moja lenye milango miwili, na mwenye funguo alikuwa DJ.

Anza na The Ventures. Mwaka 1960 walitoa "Walk, Don't Run" kwa lebo (kampuni ya kutoa santuri) yao ndogo iliyoendeshwa na mama wa mmoja wao, Josie Wilson. Lebo kubwa zilikuwa zimewakataa. Pat O'Day, mtangazaji wa KJR ya Seattle, akaanza kuupiga kabla ya taarifa ya habari ya kila saa. Yaani kiashirio! Sisi tuliokulia na redio ya taifa tunajua nguvu ya kiashirio: hulijui jina lake, hukukiomba, lakini kinakukaa kichwani mpaka uzeeni. Watu wakaanza kupiga simu kuuliza ule muziki wa kabla ya habari ni wa nani. Kabla ya mwaka kwisha ulikuwa umefika namba 2 Marekani nzima.

O'Day huyo huyo, mbali na kupanga vipindi vya KJR, aliandaa madansi ya vijana jimbo zima na nje ya jimbo. Alitangaza dansi hewani, bendi ikapiga ukumbini, wimbo wa bendi ukarudi hewani, watu wakarudi ukumbini. Ni mashine nzuri ajabu ukiwa ndani yake. Ukiwa nje, ni ukuta. Mtu mmoja kushika hewa na mlango pamoja si jambo la kusifia bila kusita, na kila aliyewahi kusikia wasanii wa kwetu wakilalamika kwamba wimbo hauendi hewani mpaka "umwone" fulani anajua ninachosema.

Portland, kilomita 280 kusini, mambo yalikuwa hivyo hivyo. Aprili 1963, ndani ya mwezi mmoja na studio moja, bendi mbili zilirekodi wimbo ule ule, "Louie Louie". The Kingsmen walipelekwa na Ken Chase, mtangazaji wa KISN aliyekuwa pia na klabu ya vijana ambako walipiga. Paul Revere & the Raiders walikuwa chini ya Roger Hart, mtangazaji wa KISN vilevile. Watangazaji wawili wa kituo kimoja, kila mmoja na bendi yake, wimbo mmoja. Nyumbani Raiders waliongoza. Kisha DJ wa Boston, Arnie Ginsburg, akaupiga wa Kingsmen kama rekodi mbovu kuliko zote za wiki hiyo, na wasikilizaji wakaudai tena na tena.

Ni kweli FBI waliuchunguza wimbo huo?

Kweli kabisa. Jack Ely wa The Kingsmen aliimba kichwa kimeelekea juu, kipaza sauti kikiwa kimening'inizwa mbali naye, na maneno yakatoka kama ya mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Wazazi wakaamini ni matusi. Mapema 1964 gavana wa Indiana aliwasihi watu wa redio wasiupige, na FBI wakafungua jalada. Waliusikiliza kwa kila mwendo wa gramafoni, wakaishia kukiri kwamba hausikiki unasema nini.

Maneno yenyewe ni ya Richard Berry, mwimbaji mweusi wa Los Angeles, aliyeutoa 1957: baharia anamweleza mhudumu wa baa jinsi anavyomkumbuka mpenzi wake wa Jamaica. Basi. Berry alikuwa ameshauza haki zake kwa dola 750 tu, na hakuzipata tena hadi miaka ya 1980.

Ukumbi wa Spanish Castle ulikuwa wapi?

Hapo hapo unapopita kwenda kununua unga wa ugali. Ulijengwa 1931 kando ya Highway 99, sehemu inayoitwa Midway, katikati ya Seattle na Tacoma. Leo ni upande wa Kent na Des Moines, eneo lenye Wakenya, Wakongo na Wasomali wengi. The Wailers walirekodi humo albamu ya ukumbini iliyotoka 1962. Jimi Hendrix, mpiga gitaa kijana wa Seattle, alikuwa akienda huko, na 1967 akautaja katika jina la wimbo wake. Ukabomolewa 1968. Usitafute mnara, utakuta barabara pana na magari yasiyokuonea huruma.

Mbona rekodi zenyewe zinasikika mbovu?

Mbovu kwa nani? Chukua "The Witch" ya The Sonics, 1964. Fundi mitambo wao wa Seattle, Kearney Barton, alitumia mashine ya kurekodia ya njia mbili tu, na bendi ikapiga yote kwa pamoja. Kila sindano ya mita ikagonga mwisho. Mwimbaji wao Gerry Roslie anapiga kelele kama mtu aliyefungiwa mlango na nyumba inaungua. Walipokwenda studio nyingine ya Tacoma kurekodi albamu yao ya pili, walibandua vizuia mwangwi vya ukutani ili sauti ikwaruze zaidi. Huo si uzembe. Ni uamuzi, na ukiusikia kwenye spika kubwa utajua kwa nini.

Baada ya miaka ya sitini kulitokea nini?

Vita vya Vietnam viliwachukua vijana, ladha ikabadilika, bendi zikavunjika. Muziki ukalala kwenye masanduku ya santuri za mitumba.

Uliamshwa na redio tena, safari hii ndogo kabisa. Chuo Kikuu cha Washington kilianzisha KCMU mwaka 1972. Miaka ya 1980 waliokuwa wakipiga santuri humo walikuwa watu kama Bruce Pavitt na Jonathan Poneman, ambao pamoja waliijenga lebo ya Sub Pop, na Mark Arm, ambaye bendi yake Mudhoney ni mjukuu halali wa The Sonics. Duka lile lile, milango miwili ile ile. Huko Bellingham, karibu na mpaka wa Kanada, Dave Crider alianzisha Estrus Records 1987, na miaka ya 1990 mashabiki wa gereji walisafiri kutoka mbali kwenda kwenye tamasha lake la Garageshock.

Kilichouma ni sheria. Mwaka 1985 jiji la Seattle lilipitisha sheria ya madansi ya vijana: ukitaka kuandaa dansi la walio chini ya umri, ulete bima ya dola milioni 1 na uwalipe askari wawili walio nje ya zamu. Nani ana hizo? Madansi yale yaliyoulea muziki huu, kisheria, yakafa. Sheria ilifutwa 2002. Mzee wangu mmoja niliyemsimulia alicheka akasema mbona Dar tulishapitia, na ni kweli: Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku katika madansi ya jijini Dar es Salaam. Sababu zilitofautiana, mmoja aliogopa ubeberu na mwingine aliogopa dawa za kulevya, lakini aliyebaki nje ya mlango ni kijana yule yule wa miaka kumi na saba aliyevaa vizuri na hana pa kwenda.

Leo nisikilize redio gani, hasa nikiwa mbali?

KCMU ndiyo iliyokuwa KEXP mwaka 2001: 90.3 FM hapa Seattle, na kwenye intaneti popote. Haina matangazo ya biashara ya kawaida. Mara kadhaa kwa mwaka hufanya harambee hewani, wasikilizaji wanachanga, na huo ndio mshahara wa ma-DJ, ambao huchagua nyimbo wenyewe. Kumbukumbu za vipindi hukaa mtandaoni wiki mbili. Ukitaka gereji mchana kutwa, chaneli ya Little Steven, mpiga gitaa wa Bruce Springsteen, inafanya kazi hiyo. Kipindi chake kilianza 2002. Mimi huiona safi mno, kama nyumba ya wageni, lakini kwa anayeanza ni shule. WFMU ya New Jersey ni kinyume chake: hujui dakika tano zijazo utasikia nini.

Kuhusu saa: kipindi cha saa tatu usiku Jumamosi Seattle kinafika Dar, Mombasa au Kampala Jumapili saa mbili asubuhi wakati wa baridi ya huku, na saa moja asubuhi wakati wa kiangazi cha huku. Muscat ongeza saa moja, Lubumbashi na Goma punguza moja. Kwa kifupi ni muziki wa kunywea chai ya Jumapili, jambo ambalo majirani wako watakuwa na maoni nalo.

Usiku wa DJ wenyewe ukoje?

Baa ya kawaida, mara nyingi katikati ya wiki, siku ambayo mwenye baa hana cha kupoteza. Meza kwenye kona, gramafoni mbili, taa ndogo, na masanduku ya santuri za 45, yaani zile ndogo zinazozunguka mara 45 kwa dakika. Saa tatu kuna watu saba, wanne kati yao ni ma-DJ. Saa tano unashangaa hawa wote wametoka wapi. Watu wa makamo waliovaa viatu vyenye ncha, vijana wa vyuo, na daima kuna bibi mmoja aliyekuwapo Spanish Castle kweli kweli na anacheza kuwashinda wote.

Umri, kiingilio, mavazi?

Baa za jimbo hili ni miaka 21 na kuendelea, na mlangoni watakuomba kitambulisho hata kama una mvi. Pasipoti inakubalika. Kiingilio mara nyingi hakuna au ni dola chache. Vinywaji vinakoma saa nane usiku. Muachie mhudumu wa kaunta dola moja kila kinywaji. Hapa si hisani, ni desturi. Mavazi yoyote. Kwa walio chini ya 21, tafuteni kumbi zinazopokea rika zote, kama The Vera Project ya Seattle, iliyoanzishwa 2001.

DJ wa santuri za 45 anafanya nini hasa? Si anabadilisha tu sahani?

Anabadilisha sahani, ndiyo, lakini hebu ufanye hesabu. Wimbo mmoja wa gereji ni dakika mbili na nusu. Saa moja ni nyimbo 24. Wakati wimbo unachezwa una dakika mbili za kuchagua unaofuata, kuutoa kwenye bahasha yake, kufuta vumbi, kuweka kipete cha katikati maana tundu la 45 za Marekani ni kubwa, kushusha sindano, kuutafuta mwanzo kwa visikizio, kuurudisha nyuma robo mzunguko na kungoja. Msalani huendi. Anayejua kazi ana wimbo mmoja wa dakika tano kwa ajili ya dharura hiyo tu.

Mapigo hayaunganishwi kama kwenye disko. Hawa wapiga ngoma walikuwa watoto. Wimbo unaanza polepole unaisha unakimbia. Kinachounganishwa ni hasira. Unapanda nyimbo tatu, wa nne unawapa watu pumzi kwa saksafoni, kisha unapanda tena. Usipige The Sonics mapema; ukishapiga hapo huna pa kwenda.

Mimi siku yangu ya kwanza kushikishwa meza niliweka mwendo wa 33 kwa santuri ya 45. Mwimbaji akatoka na sauti ya jini wa kisimani. Cha ajabu watu waliendelea kucheza, na jamaa mmoja akaja kuniuliza bendi hiyo ni ipi.

Ubishi mkubwa kati yetu ni santuri asilia dhidi ya zilizochapwa upya. Wapo wasiokubali kupiga kitu kisichochapwa miaka ile, na nakala nzuri inaweza kula mamia ya dola. Heshima yao. Lakini anayecheza pale sakafuni hasomi lebo.

Naweza kumwomba DJ wimbo?

Omba, ila usimnyooshee simu usoni. Subiri ashushe sindano, ndipo useme. Hakuna kadi za salamu, na hatasoma majina ya binamu zako wa Tabata, nimeshajaribu.

Afrika tulikuwa na kitu kama hiki?

Tulikuwa nacho, na karibu kuliko unavyodhani. Zambia ya miaka ya 1970 ilikuwa na Zamrock: gitaa zenye ukwaruzo, ngoma nzito, vijana wa miji ya shaba. WITCH, wakiongozwa na Emmanuel "Jagari" Chanda, walitoa albamu ya kwanza 1972. Huko nako redio ilishika funguo: Rais Kaunda aliagiza sehemu kubwa kabisa ya muziki wa redioni iwe ya Kizambia, na bendi za magitaa zikapata hewa.

Dar walikuwapo Sunburst, waliopiga roki yenye soul na ngoma za nyumbani. Albamu yao, Ave Africa, ilitoka 1976 wakiwa Zambia, na ikachapwa upya Ulaya 2016. Bugi waliyocheza wazazi wetu mchana wa Jumapili haikuwa mbali na haya. Ukimpigia mama yangu mkubwa wimbo wa gereji wenye ogani hasemi ni wa Kizungu, anasema ni wa zamani.

Nina santuri za 45 za marehemu baba, za Nairobi. Zinafaa kwenye usiku kama huo?

Njoo nazo. Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri, kwa hiyo hata bendi za Dar zilichapwa Nairobi, na sahani hizo zilitengenezwa zisikike kwenye baa yenye kelele. Mwendo ni ule ule wa 45. Nyingine zina tundu dogo, nyingine kubwa, kwa hiyo njoo na vipete. Zioshe kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, usiloweshe lebo, zikaushe kivulini zikiwa zimesimama, kamwe si juani. Usiziache ndani ya gari mwezi wa Agosti. Na uandike mahali jina la baba na kila anayejulikana aliyepiga humo, maana nikiweka mojawapo saa tano usiku, watu watano watakuja mezani kuuliza ni nani hao, na ningependa niwe na la kuwajibu.